Namba iliyo nyuma ya dumu: jinsi ninavyochagua oili ya Golf yangu

Wiki iliyopita nilisimama karibu nusu saa mbele ya rafu za duka la vipuri huko Ilala nikiwa na madumu mawili ya oili mkononi. Kwa mbele yalifanana kwa kila jambo ambalo mnunuzi mwenye haraka hulitazama: yote yalikuwa ya lita 4, yote yaliandikwa 5W-40, na yote yalitangaza kuwa ni oili ya sintetiki kamili. Tofauti ya bei kati yake ilitosha kununua chujio jipya la oili. Muuzaji, kijana mpole ambaye amekwisha kunihudumia mara kadhaa, alinishauri nichukue la bei nafuu kwa kuwa, kama alivyosema, "namba ni ile ile, dada." Niliyageuza nikasoma maandishi madogo ya nyuma. Dumu la kwanza lilisema kwamba oili yake inapendekezwa kwa magari yanayohitaji VW 502 00, mojawapo ya masharti ya oili ya kiwanda cha Volkswagen. La pili lilisema kwamba oili yake imepewa idhini ya VW 502 00. Nikalipia la pili, na kwa kuwa kijana yule aliniuliza sababu wakati foleni ya wateja ilikuwa nyuma yangu, nikamjibu kwa ufupi mno. Haya hapa ndiyo majibu niliyotamani kumpa.

Gari langu ni Volkswagen Golf ya kizazi cha sita, ya mwaka 2010, yenye injini ya petroli ya lita 1.4 ya TSI, yaani injini inayonyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda na kupuliziwa hewa na turbo. Lilitumika Japani kabla ya kufika bandarini Dar es Salaam, na kitabu chake cha matengenezo kimeandikwa kwa Kijapani, lugha nisiyoifahamu hata neno moja. Tarakimu, hata hivyo, husomeka katika lugha yoyote, na katika ukurasa wa vilainishi niliziona waziwazi: 502 00 na 504 00. Nilipoinua zulia la buti na kutazama kwenye shimo la tairi la akiba, nilikuta kibandiko cha kiwandani chenye msimbo wa injini, CAXA. Ninamsihi kila anayenunua gari la Ulaya lililokwisha kutumika aanzie kwenye vitu hivyo viwili, kitabu na kibandiko, kabla hajamuuliza mtu yeyote aina ya oili, kwa sababu Golf mbili zinazofanana kwa rangi na umbo huweza kubeba injini tofauti kabisa zenye mahitaji tofauti.

Tuanze na maandishi ya mbele, yale ambayo kijana aliyaita namba. Daraja la 5W-40 linatokana na utaratibu wa jumuiya ya wahandisi wa magari ya Marekani, SAE, na linaeleza mnato peke yake. Sehemu yenye herufi W inahusu baridi: oili ya 5W hupimwa kama inaruhusu injini kuzunguka kwa wepesi katika nyuzi 30 chini ya sifuri, na ile ya 20W hupimwa katika nyuzi 15 chini ya sifuri. Tarakimu ya mwisho inahusu joto: ili oili iitwe 40, mnato wake katika nyuzi 100 lazima uwe kati ya milimita za mraba 12.5 na 16.3 kwa sekunde. Baada ya hapo SAE hainiambii chochote kuhusu namna oili hiyo inavyozuia msuguano wa chuma kwa chuma, inavyovumilia joto la turbo bila kugeuka kuwa makaa, inavyopambana na asidi, au hali itakayokuwa nayo baada ya miezi minane katika foleni ya Barabara ya Mandela.

Mfano mzuri zaidi wa upungufu huo ni 5W-30, daraja ambalo limejaa madukani. Dumu la 5W-30 lililotengenezwa kwa kufuata viwango vinavyotumiwa na magari mengi ya Kijapani linaruhusiwa kuwa na mnato wa 2.9 linapopimwa katika nyuzi 150 huku likisagwa kwa nguvu kati ya nyuso mbili, kipimo kinachoiga hali ya oili ndani ya beringi za injini inayofanya kazi ngumu. Dumu lingine la 5W-30, lenye idhini ya VW 504 00, lazima lifike angalau 3.5 katika kipimo hicho hicho. Kwa mbele madumu haya mawili yanasema jambo moja, lakini ndani ya beringi ni oili mbili tofauti, na injini iliyobuniwa kwa ajili ya ile nene hupata utando mwembamba kuliko ule ambao wahandisi wake waliutegemea.

Chini ya daraja la mnato mara nyingi kuna alama ya API, taasisi ya mafuta ya Marekani, yenye herufi mbili zinazoonyesha kizazi cha oili. Kwa injini za petroli kizazi cha SP kilianza mwaka 2020, na mwenye injini kama yangu ana sababu ya kukijali, kwani majaribio yake yanapima ulikaji wa cheni ya taimingi, pamoja na ule mwako wa mapema usiotakiwa ambao hutokea katika injini ndogo zenye turbo zinapobanwa kwa mzunguko wa chini na ambao huweza kuvunja pistoni. Kinyume chake, bado ninakutana na madumu yenye herufi SF, kizazi kilichokusudiwa magari ya mwaka 1988 na yaliyotangulia. Huko Ulaya chama cha watengenezaji wa magari, ACEA, kina madaraja yake, kama A3/B4 na C3, lakini katika utaratibu wa ACEA mtengenezaji wa oili ndiye anayetangaza mwenyewe kwamba bidhaa yake imefaulu.

Idhini ya mtengenezaji wa gari ni jambo la ngazi nyingine. Kampuni ya oili hupeleka mchanganyiko wake ukajaribiwe kwa masharti ya kiwanda cha gari, yakiwemo majaribio ya saa nyingi katika injini za kiwanda hicho hicho, na baada ya hapo pistoni, kamshafti (mhimili wenye nundu zinazofungua vali) na turbo hufunguliwa na kupimwa. Mchanganyiko ukifaulu, kampuni hupewa barua ya idhini kwa ajili ya bidhaa hiyo yenye jina hilo, na kiwanda huiingiza katika orodha yake. Mercedes-Benz huandika namba za kurasa zake, kwa mfano MB-Approval 229.5, na orodha zake ziko wazi kwenye intaneti kwa mtu yeyote. BMW ina majina ya Longlife-01, Longlife-04 na kadhalika. Volkswagen ina familia yake ya namba za mia tano.

Waliokwenda mbali zaidi katika jambo hili, kwa maoni yangu, ni General Motors wa Marekani. Kuanzia magari ya mwaka wa modeli 2011 walileta sharti la dexos1 kwa injini zao za petroli na dexos2 hasa kwa dizeli za Ulaya, na neno lenyewe dexos wakalifanya alama ya biashara iliyosajiliwa. Kampuni inayotaka kuweka nembo hiyo kwenye dumu lake lazima iwe na leseni, na nyuma ya dumu huchapishwa namba ya leseni inayoanza na herufi D, ambayo mnunuzi anaweza kuitafuta katika orodha ya oili zilizopewa leseni. Mwenye Chevrolet Cruze au Trailblazer kwa hiyo hahitaji kujadiliana na muuzaji kuhusu maneno ya lebo: anatafuta nembo, anasoma namba, anaihakiki kwa simu yake akiwa bado dukani. Natamani Volkswagen nao wangechapisha namba ya namna hiyo kwenye kila dumu, kwani ingetuondolea kazi kubwa sisi tunaonunua mbali na mawakala.

Narudi kwenye maneno yale mawili yaliyonisimamisha Ilala. Lebo nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza, na maneno ya kutafuta ni "approval" au "approved", au "Freigabe" kwenye dumu la Kijerumani, yakifuatwa na namba kamili. Lebo ikisema kwamba oili inapendekezwa, inafaa au inakidhi mahitaji ya namba fulani, anayezungumza ni mtengenezaji wa oili peke yake. Sisemi kwamba oili ya namna hiyo ni mbaya. Zipo kampuni za kuaminika ambazo hazikutaka kulipia majaribio ya kila kiwanda, na huenda mchanganyiko wao ungefaulu bila taabu. Tatizo ni kwamba mimi, nikiwa dukani, sina njia ya kuitofautisha kampuni hiyo na nyingine iliyoandika namba zile zile kwa sababu tu zinauza. Idhini ndiyo inayonipa mtu wa tatu aliyepima.

Msimamo huu sikuuzaliwa nao; niliupata kwa hasara ya mtu wa karibu. Mjomba wangu aliwahi kuwa na Passat ya dizeli ya lita 1.9, iliyotoka Uingereza, ya kile kizazi cha injini za TDI ambamo kila silinda ina pampu na injekta vilivyounganishwa kuwa kifaa kimoja, na kifaa hicho husukumwa na kamshafti. Shinikizo la dizeli katika mfumo huo hufika bar 2,050, na nguvu yote hiyo hupitia kwenye nundu za kamshafti. Isitoshe, kwa kuwa nundu za injekta zimechukua nafasi kwenye kamshafti, nundu zinazofungua vali zimelazimika kuwa nyembamba. Volkswagen iliandika sharti la pekee kwa injini hizo, VW 505 01, likitaka oili inayoweza kulinda chuma katika mgandamizo huo. Mjomba hakulijua sharti hilo, na fundi wake wa wakati huo hakulijua pia. Kwa miaka karibu mitatu gari lile lilipewa 15W-40 ya malori, oili ambayo ndani ya lori ilikuwa ikifanya kazi yake vizuri kabisa.

Gari lilianza kupoteza nguvu kidogo kidogo, kisha likawa linatetemeka likisimama. Walibadilisha vichujio, wakasafisha injekta, wakamtafuta mtu wa umeme. Kifuniko cha vali kilipofunguliwa hatimaye, nilikuwepo, nikaona kwa macho yangu nundu mbili zilizolika hadi zikapoteza ncha zake, na vikombe vilivyo chini yake vimetobolewa katikati. Injini hizo zilijulikana kwa ulikaji wa kamshafti hata mahali pengine, kwa hiyo siwezi kuapa kwamba oili peke yake ndiyo iliyofanya kazi ile. Ninachoweza kusema kwa uhakika ni kwamba kiwanda kilikuwa kimeandika kinga dhidi ya ugonjwa huo huo, na kwa miaka mitatu kinga hiyo haikutumika. Mjomba alinunua kamshafti mpya, vikombe vyake na beringi, akalipa na kazi ya siku nne, na fedha hizo zingemnunulia oili sahihi kwa miaka mingi. Aliniambia, "Mwanangu, hakuna aliyenidanganya. Sisi sote tulikuwa hatujui." Maneno hayo yaliniuma kuliko hasara yenyewe.

Kujua namba, hata hivyo, hakumalizi uchaguzi, kwa sababu kitabu changu kilinipa namba mbili. VW 504 00 ni mpya zaidi na imeruhusiwa kuchukua nafasi ya 502 00, kwa hiyo mtu angedhani kwamba mpya ndiyo bora na shauri limekwisha. Mimi nilichagua 502 00, na sababu zangu zinahusu mahali ninapoendesha.

Oili za 504 00, pamoja na ndugu yake wa dizeli 507 00, hutengenezwa ziwe na majivu kidogo. Majivu hayo ni mabaki ya viungo vyenye madini vinavyotiwa kwenye oili, na oili kidogo inayoungua ndani ya silinda huyapeleka kwenye bomba la moshi, ambako huziba chujio la masizi la magari mapya. Daraja la C3 la ACEA, kwa mfano, halivuki majivu ya asilimia 0.8, ilhali A3/B4 huanzia 1.0 na kufika 1.6. Lakini sehemu ya viungo hivyo vinavyoleta majivu ndiyo inayozima asidi. Mafuta yenye salfa yakiungua huzalisha gesi ambazo, zikikutana na unyevu, hugeuka asidi inayoteremka kwenye oili. Uwezo wa oili kuizima asidi hiyo hupimwa kwa namba ya besi, nayo katika A3/B4 haipungui 10, wakati C3 inaruhusiwa kushuka hadi 6. Ulaya imekuwa na mafuta yenye salfa isiyozidi sehemu 10 kwa kila milioni tangu 2009, na viwanda viliandika masharti ya oili zenye majivu kidogo vikiwa na mafuta hayo akilini. Kwetu Afrika Mashariki, hatua kubwa ya mwaka 2015 ilishusha salfa ya dizeli hadi sehemu 50, mafanikio ya kujivunia, lakini bado si 10. BMW nao kwa miaka mingi waliiruhusu Longlife-04 katika injini za petroli za Ulaya tu, na wenye magari ya petroli kwingineko wakaelekezwa kubaki na Longlife-01.

Golf yangu haina chujio la masizi. Sina basi kitu cha kulinda kwa oili yenye majivu kidogo, na ninahitaji akiba kubwa zaidi ya kuzima asidi. Mwenye dizeli ya karibuni yenye chujio hilo hawezi kufuata ushauri huu, kwani 502 00, au 505 00 ambayo ni sharti la zamani la dizeli, zingemzibia chujio. Yeye anapaswa kutumia 507 00 na kupunguza umbali kati ya mabadiliko ya oili. Wenye TDI za pampu na injekta kama ile ya mjomba wanaweza pia kutumia 507 00, isipokuwa zile injini za silinda 5 na za silinda 10 zilizotengenezwa kabla ya katikati ya 2006.

Fundi wangu wa sasa, mtu mzima ninayemheshimu na aliyefungua injini nyingi kuliko idadi ya magari niliyowahi kupanda, alitaka mwanzoni nitumie 20W-50. Hoja yake ilikuwa kwamba Dar es Salaam kuna joto na injini imekwisha kuzeeka. Tulilizungumza kwa utulivu. Nilimwonyesha kwamba kibana cheni cha injini hii husukumwa na shinikizo la oili, na kwamba ule mlio wa cheni tunaousikia asubuhi kwa sekunde mbili au tatu ni mlio wa cheni inayoingoja oili ifike. Oili nene huchelewa zaidi, hata katika asubuhi ya nyuzi 24, na turbo nayo hungoja vivyo hivyo huku ikizunguka. Alifikiri, akasema, "Basi dada, lete hiyo ya kitabu tuisikilize." Tuliiweka 5W-40 yenye idhini, na kwenye sevisi iliyofuata yeye mwenyewe ndiye aliyetaja kwamba mlio umepungua.

Kiasi nacho kinahitaji uangalifu. Injini ya CAXA huchukua lita 3.6 pamoja na chujio, na mazoea ya gereji nyingi ni kumimina dumu lote la lita 4 kwa kuwa mteja amelilipia. Mimi huomba tumimine lita tatu na nusu, tuwashe injini, tuizime, tungoje dakika chache, tupime kwa kijiti, kisha tuongeze hadi alama. Kinachobaki hukaa kwenye buti kwa ajili ya kujazia. Sifuati ule utaratibu wa Ulaya wa kilomita 30,000, ambao uliandikwa kwa 504 00 na barabara zao. Hubadilisha kila kilomita 7,500 au baada ya miezi sita, kwa kuwa saa ninazokaa Ubungo injini ikiwaka hazionekani kwenye mita ya kilomita.

Idhini iliyochapishwa kwenye lebo bandia haina faida, nami hulichunguza dumu kabla ya kulipa. Hutazama muhuri wa kifuniko, namba ya toleo iliyochomwa au kuchapwa kwenye plastiki, na tarehe, kisha huomba risiti yenye jina kamili la bidhaa, kwani kampuni moja huweza kuwa na oili tano za 5W-40 na ni moja tu kati yake yenye idhini ninayoitaka. Dumu likiisha hulitoboa kitako kabla ya kulitupa, ili asiwepo mtu wa kulijaza upya.

Mdogo wangu anayeishi Dodoma amenunua Tiguan mpya kuliko gari langu, inayotumia VW 508 00, na Jumapili alinipitia akiwa na lita moja na nusu iliyobaki kwenye sevisi yake, akiwa na nia njema ya kunipunguzia gharama. Oili hiyo ni ya 0W-20, nyepesi sana, na imetiwa rangi ya kijani ili isichanganywe na nyingine. Kipimo chake katika nyuzi 150 huanzia 2.6, chini mno ya 3.5 ambayo beringi za Golf yangu zinaitaka, na Volkswagen haikuiruhusu katika injini za zamani. Nilimkaribisha chai, nikamwonyesha namba zote mbili, yake na yangu, na alipoondoka jioni alilirudisha dumu lake kwenye buti.